Mrejesho: lile zoezi la kuinuka kwenye kiti

Wakuu habari zenu, mnakumbuka niliuliza namna ya kupima nguvu za miguu za mzee wangu (ana miaka 67) bila mashine wala nini, asanteni sana wote mliojibu.

Nilifuata ule ushauri wa kuhesabu anainuka kwenye kiti mara ngapi ndani ya sekunde 30: kiti kisicho na mikono, urefu kama sm 43, kimeegemezwa ukutani kisiteleze, mikono imekunjwa kifuani, anasimama wima kabisa anakaa tena, mimi nahesabu. Mara ya kwanza mzee alikuwa anajisukuma kwa mikono kwenye mapaja, na kwa sheria za hili jaribio ukitumia mikono unapata sifuri, alinuna kweli 😂 Kwa mwanaume wa 65 hadi 69 chini ya 12 ndio inahesabika dhaifu. Sasa hivi anafika 11 bila mikono, yaani bado kidogo.

Kilichosaidia zaidi ni kukaa taratibu badala ya kujiachia puu. Ule ushauri mwingine, wa kushika vyuma vya mazoezi, haukufaa, goti lilianza kuuma tukaacha, na fiziotherapisti (mtaalamu wa tiba ya viungo) akasema tuendelee na kiti tu kwanza.