UZI WA MALALAMIKO: Kutikisa padi si kucheza gemu. Turudishieni vitufe vyetu!

Wakuu salaam.

Huu uzi ni wa hasira, aliyekuja kusifia makampuni apite kimya kimya. Nazungumzia mosheni, yale mambo ya kutikisa, kuinamisha na kuzungusha padi ili jamaa wa kwenye skrini afanye jambo ambalo kitufe kimoja kingelimaliza bila jasho. Tangu Wii, konsoli ya Nintendo, iingie sokoni Novemba 2006 tumebebeshwa huu mzigo, na mpaka leo kuna gemu tamu kabisa zenye kipande kimoja cha kutikisa ambacho hakizimiki hata upekue menyu yote.

Kabla hamjanishukia: na kihisi chenyewe cha mosheni ndani ya padi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni ile LAZIMA.

Chukueni Donkey Kong Country Returns ya 2010. Kubingirika, unatikisa. Kupiga ardhi kwa viganja, unatikisa. Kuchuchumaa upulize, unatikisa. Amri tatu kwa mtikiso mmoja, halafu gemu ndiyo inakuamulia ulitaka ipi, kwa kuangalia kama umesimama, unatembea au umechuchumaa. Sasa simama ukingoni mwa shimo utake kupiga ardhi, kidole gumba kikiwa bado kimegusa mshale wa kulia kwa mbali. Sokwe unayemchezesha anabingirika shimoni, uhai umekatwa. Na hii si gemu ya kitoto, kuna reli za vigari humo ambazo ukichelewa kidogo tu umeanza upya. Kinachouma zaidi: toleo la konsoli ya mkononi ya 3DS la 2013 lilikuja na vitufe vitupu, na hakuna kilichoharibika. Ina maana tangu mwanzo ilikuwa inawezekana!

Wanaosema "ni mazoea tu" wasikilize kidogo jinsi vifaa vinavyofanya kazi. Kitufe ni swichi. Kimegusa au hakijagusa, basi. Mtikiso ni mlolongo wa namba kutoka kipima mchapuko, yaani kihisi cha mabadiliko ya mwendo, na gemu lazima isubiri namba zivuke kiwango fulani ndipo iamini kwamba umekusudia. Mkono wenyewe unahitaji muda kushika kasi, kwa hiyo umeshachelewa kabla chochote hakijatokea. Halafu mkono ukirudi nyuma nao ni mtikiso, hivyo gemu inabidi izibe masikio kwa muda isije ikahesabu mara mbili. Ndiyo sababu ukitikisa harakaharaka baadhi ya mapigo yanapotea. Kiwango kikiwekwa chini, padi inafyatuka ukikuna pua; kikiwekwa juu, unachoka mkono. Katikati hapo hakuna uchawi.

Super Mario Odyssey ya 2017 mimi naipa nafasi ya kwanza kati ya gemu zote za Mario zilizo wazi pande zote, na bado inanichefua kwenye hili. Kofia ya Mario ukiirusha kisha ukatikisa, inakwenda yenyewe kumtafuta adui aliye karibu. Kitufe cha kufanya hivyo hakipo. Ukiwa umeshika Switch mkononi, inabidi utikise konsoli nzima pamoja na skrini unayoitazama! Nani alikaa mezani akaona hilo ni sawa? Kwenye Switch Lite ndiyo kabisa, maana padi zake hazichomoki.

Sony nao wasicheke pembeni. Padi ya Sixaxis ya PS3 ilitoka 2006 bila mtetemo, ikatuletea Lair ya 2007 ambapo joka zima unaliendesha kwa kuinamisha padi. Ukitaka ligeuke nyuma unainua padi kwa ghafla, nalo linaweza kugeuka au likapiga mbizi, bahati yako. Mwaka 2008 ndipo likaja sasisho la kuruhusu stiki (kile kijiti cha kidole gumba), wakati gemu imeshazikwa. Uncharted ya kwanza nayo ilitutembeza juu ya magogo kwa kupima uzani na padi, kitu ambacho hakikuongeza hata chembe ya utamu.

Skyward Sword ya 2011, gemu ya Zelda, ndiyo kesi ngumu, kwa sababu pale mosheni ilikuwa na wazo. Upanga unafuata mkono: pande nane za kukata, na kuchoma. Adui anakinga kushoto, wewe unapitishia kulia. Wazo zuri, natoa heshima zangu. Tatizo ni fizikia. Kipima mchapuko kinajua chini ni wapi kwa sababu ya mvutano wa dunia, kwa hiyo ukiinamisha padi mbele au ukiilaza ubavu, kosa linasahihishwa papo kwa papo. Ukigeuza kushoto au kulia, chini haijabadilika, na jairo, kihisi cha mzunguko, imebaki peke yake bila shahidi. Jairo nayo haipimi pembe, inapima kasi ya kuzunguka. Gemu inajumlisha kasi hizo ndiyo ipate pembe. Ikikosea sehemu moja ya kumi ya digrii kwa kila sekunde, baada ya dakika moja umeshapinda digrii 6. Ndiyo maana kwenye Wii ulikuwa unabonyeza mshale wa chini kila mara kurudisha kiashiria katikati, na toleo la HD la 2021 likahamishia kazi hiyo kwenye kitufe cha Y. Toleo hilohilo liliweka vitufe, upanga ukawa kwenye stiki ya kulia. Nafuu, ila kamera ikawa inataka ushikilie L kwanza ndipo uizungushe. Unapewa kwa mkono wa kulia, unanyang'anywa kwa wa kushoto.

Halafu yapo mambo ambayo mosheni inayaweza kuliko kitu chochote, na hapo ndipo watu wananielewa vibaya. KULENGA. Stiki ya kulia uisogeze kwa kiasi, jairo imalizie zile nywele mbili tatu za mwisho. Splatoon tangu 2015 imejengwa hivyo, na aliyeizoea harudi kwenye stiki tupu. Resident Evil 4 ya Wii ya 2007, Metroid Prime 3 ya mwaka huohuo, kiashiria kinakwenda pale unaponyooshea. Hapo mosheni inakupa kitu ambacho kitufe hakina. Ajabu yake, Xbox mpaka Series X padi zao hazina jairo kabisa. Kitu chenye faida wanatunyima, kero ndiyo wanatulazimisha.

Tunachodai ni kidogo: kila mtikiso uwe na kitufe mbadala kwenye menyu, na kulenga kwa jairo kuwe na swichi yake peke yake. Basi. Karibuni, ila mje na hoja.

#2

Mkuu umeongea, lakini umewasahau walioumizwa zaidi. Mtu mwenye mkono mmoja, au mwenye maungo yanayouma, hawezi kutikisa padi saa mbili. Switch tangu sasisho la 10.0.0, Aprili 2020, inaruhusu kuhamisha kazi za vitufe: A iwe B, ZR iwe L, utakavyo. Ila mtikiso huwezi kuuhamishia kwenye kitufe. Mfumo unaona vitufe tu. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba "rekebisha kwenye mipangilio", mipangilio hiyo haifiki huko. Ni mtengeneza gemu mwenyewe ndiye anapaswa kuandika huo mbadala.

#3

Napingana na mtoa mada kidogo. Wii Sports bila mosheni ni nini? Boli ya bowling unairusha kwa mkono, unaachia B, bibi na mjukuu wanacheza pamoja bila mtu kufundishwa. Konsoli iliuzwa zaidi ya milioni 100. Lawama nyingi za "mosheni mbovu" ni watu wasiojua kupanga vifaa vyao.

Lile jiti la juu ya TV linaloitwa kihisi halihisi chochote. Ni taa za infraredi tu, tano kila upande. Kamera iko kwenye pua ya rimoti ya Wii, nayo inatafuta madoa mawili ya mwanga. Kiashiria kikirukaruka, anza hivi: washa kamera ya mbele ya simu, tazama jiti. Ukiona vidoa vya zambarau pande zote mbili, taa ni nzima. Upande mmoja ukiwa giza, waya umekatika, mara nyingi pale unapokunjwa nyuma ya TV. Kamera ya nyuma ya simu usiitegemee, nyingi zina chujio. Kama jiti limekufa kabisa, mishumaa miwili iliyoachana kama sentimita 20 inafanya kazi ileile, ila usiiache na watoto.

Vidoa vipo na bado kinaruka? Tafuta jua linaloingia dirishani nyuma ya TV, au balbu ya moto. Rimoti inaona mianga mingine inachanganyikiwa. Funga pazia, kaa mita 1 hadi 3, kisha ingia kwenye mipangilio ya Wii uchague kama jiti liko juu au chini ya TV na upunguze wepesi wa kuhisi. Betri zikichoka nazo ni shida.

#4 (mtoa mada)

#3 Wii Sports siipingi, ilizaliwa na mosheni, mfupa na nyama. Nilisema LAZIMA pale isipohitajika. Boli na kubingirika kwa sokwe ni vitu viwili. Ila somo la kamera ya simu limenyooka, libaki hapo kwa faida ya wote.

#5

Mbona hakuna anayeitaja Kinect, ile kamera ya Xbox inayofuata mwili mzima? Ile ndiyo mama wa kero zote. Inataka mchezaji mmoja asimame futi 6 mbali, wawili futi 8. Haya, tupige hesabu ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Kitanda cha nne kwa sita kinakula futi 4, meza ya TV futi moja na nusu. Umebakiwa na futi 4 na nusu, hapo hujaweka ndoo ya maji. Miguu haionekani, gemu inakwambia rudi nyuma, nyuma ni kitanda! Mpaka waliokuwa na sebule pana ilikuwa na kuchelewa, na jua likiingia inapoteza ramani ya mwili wako, kwa kuwa nayo ni infraredi. Steel Battalion: Heavy Armor ya 2012 ilikutaka unyooshe mkono kuvuta wenzo ndani ya kifaru huku ukipigwa mabomu; ukitaka kufunga dirisha la chuma inakufungulia kitu kingine.

Na 2013 Microsoft wakaibandika kwenye kila Xbox One, bei ikawa dola 499 wakati PS4 ni 399. Juni 2014 wakaiondoa kwenye boksi. Sokoni watu waliongea kwa pochi.

#6

Kwa wanaowinda Wii za mtumba kutoka Marekani kwa sababu ya uzi huu: adapta yake ni ya volti 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua palepale. Msisingizie konsoli, yenyewe inakula volti 12 za DC, kwa hiyo tafuta adapta ya Wii ya Ulaya au Uingereza, inaingia bila kubadilisha kitu. Pia diski zimefungwa kwa maeneo ya dunia, ya Ulaya haisomi kwenye konsoli ya Marekani. Switch haina matatizo yote mawili.

#7

Breath of the Wild, ile Zelda nyingine, jamani! Kulenga upinde kwa jairo unaweza kuzima, lakini ile mitego ya kuinamisha ubao na mpira haizimiki. Hekalu la Myahm Agana linawatoa watu machozi. Kuna njia?

#8 (mtoa mada)

Ipo, na haina aibu. Ubao ule una kuta juu, chini ni bapa. Usihangaike na vichochoro. Geuza padi juu chini kabisa, mpira utoke, kisha uudakie kwa ule upande bapa na uusukume mpaka kwenye njia ya kutokea. Kabla ya kubonyeza A shika padi ikiwa imelala sawasawa, maana mkao ule ndio gemu inauchukua kuwa usawa. Ubao ukianza umepinda, toka, nyoosha padi, ingia tena.

#9

Mimi Splatoon 3 kiashiria kinahama chenyewe kwenda kulia. Ni jairo au padi imekufa?

#10

Usikimbilie kununua padi, pima kwanza. Zima mosheni kwenye mipangilio ya gemu, weka padi mezani usiiguse. Kikiendelea kuhama, jairo haihusiki. Hiyo ni stiki, sahani yake ya kaboni imelika na inatuma namba za uongo. Kikitulia ukizima na kuhama ukiwasha, hapo ni jairo. Nenda kwenye mipangilio ya Switch, sehemu ya padi na vihisi, chagua kusawazisha mosheni. Chomoa Joy-Con (padi ya pembeni ya Switch), ilaze kwenye meza ngumu iliyo sawa. Si godoro, si paja. Shikilia + au − mpaka ikubali, na usiiguse meza wakati inafanya. Kama padi imetoka kwenye begi lililoanikwa juani, iache ipoe kwanza, kwa kuwa jairo hubadilika na joto na utakuwa umeisawazisha kwa hali ambayo haidumu. Ndani ya gemu, Y inarudisha kamera katikati. Izoeshe kidole kila unapotoka kwenye pambano. Wepesi unakwenda −5 hadi +5, stiki na jairo kila kimoja na chake. Anza jairo kwenye 0, panda nusu nusu, na stiki iweke chini yake.