"Bima ya jeneza"?! Yule wa meza ya wazee leo amevuka mipaka

Wadau, ndiyo kwanza nimefika nyumbani na mikono bado inanitetemeka. Sitamtaja. Sina haja ya kumtaja, maana hata mbuzi wa mji huu wa Arua wanamjua: yule wa meza ya wazee siku ya malipo ya posho yao, mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo hazijawahi kuandika jibu la mtu, na kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni kama kengele ya fahali.

Mama yangu ana miaka 78. Ana presha, ana sukari. Alisikia redioni kwamba wazee waende waelezwe habari za matibabu na bima. Akaamka alfajiri, akavaa gomesi ya Idi, akafunga madaftari yake yote ya hospitali ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, lile la kliniki ya presha juu kabisa ili asihangaike kulitafuta. Tumekaa kwenye foleni mpaka jua likatuhamisha kivuli mara ngapi sijui. Zamu yake ikafika. Akauliza swali moja tu, kwa adabu zake zote: "Mwanangu, mimi nikiumwa, serikali inanilipia nini?"

Yule bwana hakuinua hata macho kwenye simu. Akasema: "Mama mzee, kwa umri huo unataka bima ya nini tena, ya jeneza?"

YA JENEZA. Kwa mama yangu. Mbele ya gombolola (kata) nzima.

Na vijana waliokuwa nyuma yake wakacheka! Mama hakusema neno. Alianza kukunja kavera lake, akilikunja na kulikunjua, analitafutia kona. Mimi damu ilipanda hadi kwenye nywele. Wallahi ile meza ilibaki kidogo tu iwe inatafutwa ng'ambo ya Mto Nile.

Halafu kama vile hiyo haitoshi, akamsukumia karatasi ya kampuni fulani ya bima. Nimeisoma yote nilipofika nyumbani, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mwisho wa kujiunga ni miaka 65! Kwa hiyo umemwambia mama bima yake ni ya jeneza, kisha ukampa fomu ya bima isiyomtaka. Huyo ndiye kawekwa pale aelimishe wazee. AELIMISHE!

Kama hujui, sema hujui. Kama bima haipo, sema haipo, mzee arudi akapike. Lakini jeneza? Mtu aliyezaa na kuzika, unamtajia jeneza saa nne asubuhi, hajanywa hata chai?

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Jeneza!

---

Mjomba_wa_Koboko: Namjua! Huyo huyo alimwambia baba mdogo arudi akifikisha miaka 80, "ukiwa bado upo." Ukiwa bado upo! Baba mdogo alitembea na fimbo kutoka kijijini.

Kijana_wa_Stendi: Dada, na wewe ulikuwa wapi wakati huo? Ulikuwa umesimama hapo hapo, mdomo unao. Hukumjibu, sasa unatupigia kelele sisi.

Binti_Mariamu (mwenye uzi): Nilimjibu! Nilimwambia amwombe mama msamaha. Akasema "anayefuata." Ati ANAYEFUATA.

Sista_Mstaafu: Poleni sana, mwanangu, na umpe mama pole yangu. Mimi nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, ngoja nimjibu yeye kwa sababu swali lake lilikuwa zuri na lilistahili jibu. Uganda mpaka sasa hatuna bima ya afya ya taifa. Bunge lilipitisha muswada tarehe 31 Machi 2021, Rais hakuutia sahihi, Bunge lile likamaliza muda wake. Kwa hiyo mtu yeyote anayemwandikisha mzee "bima ya serikali" leo na kumtoza hela, mkimbieni. Alicho nacho mama ni hiki: ada za matibabu kwenye vituo na hospitali za serikali zilifutwa 2001, isipokuwa upande wa wodi za kulipia. Akilazwa wodi ya kawaida, kumwona daktari asitozwe. Akiambiwa alipe, aulize kwanza, "Hapa nipo upande gani?" Wengi wanapelekwa upande wa kulipia bila kujua.

Na zile shilingi 25,000 za kila mwezi, za SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa wazee hela, si bima. Ni posho ya wazee kuanzia miaka 80. Hazikatwi kwa ajili ya hospitali, na mama kwa miaka 78 bado hajafika. Dakika mbili tu nimetumia kuandika haya. Angeweza kuyasema.

Binti_Mariamu: Mungu akubariki, sista. Nimemsomea mama. Amesema, "Kumbe jibu lilikuwepo." Ona sasa! Jibu lilikuwepo, yeye akatoa jeneza.

Okello_Mkweli: Bure gani, sista? Daftari unanunua. Glavu unanunua. Dawa ya presha unaandikiwa kwenye kipande cha karatasi unaambiwa nenda famasi ya ng'ambo ya barabara. Hiyo 2001 walifuta ada, hawakufuta gharama.

Sista_Mstaafu: Hilo sikatai, Okello. Dawa zikiisha zimeisha, na mzee wa presha hawezi kungoja mzigo ujao. Ndiyo maana nasema aende kliniki mwanzoni, mara tu dawa zinapoingia, asingoje kidonge cha mwisho.

Kijana_wa_Stendi: Tukubaliane lakini, "bima ya jeneza" ni biashara. Mtu akiifungua hapa Arua atajenga ghorofa.

Binti_Mariamu: Wewe huna mama?

Kijana_wa_Stendi: Ninaye, na yeye ndiye wa kwanza kucheka nilipomsomea. Samahani, dada.

Mpakani_Busia: Nyie mnalia haipo, shangazi yangu upande wa Kenya analia kwa sababu ipo. Tangu Oktoba 2024 walipoondoa NHIF, mfuko wao wa zamani wa bima ya afya, kujiandikisha kwenye bima mpya mpaka uulizwe maswali: nyumba yako ina paa la nini, choo chako ni cha aina gani. Asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 za kwao kwa mwezi. Shangazi anauza samaki, leo anapata kesho hapati, na anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mpigo.

Mjomba_wa_Koboko: Lakini kule mzee wa miaka 70 anapata shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi za Inua Jamii, posho yao ya wazee. Piga hesabu kwa hela yetu ulinganishe na hizi 25,000. Sisi tunangoja 80!

Mpakani_Busia: Zikija. Sema zikija.

Ndugu_Kisoro: Rwanda walishamaliza mambo haya zamani. Mituweli, bima yao ya afya ya jamii, kijiji kizima kina kadi. Kwetu watu wanavuka wakaone wenzao.

Okello_Mkweli: Hamia basi.

Binti_Mariamu: Jamani, sizungumzii Kenya wala Rwanda. Nazungumzia mtu mmoja, meza moja, na neno moja alilomwambia mama yangu. Turudi kwenye mada.

Teso_Asilia: Mada ni umri, dada, na kwenye umri mimi nina langu. Kwenye wilaya za majaribio SAGE ilianzia miaka 65, Karamoja 60. Halafu ikaja awamu ya wazee mia moja tu wa kila gombolola, wale waliozeeka kuliko wote. Hapo ndipo ndugu walianza kubishana nani alizaliwa kabla ya nani. Sasa ni 80, na 80 yenyewe ni ya kwenye kitambulisho, si ya mwilini.

Mtoto_wa_Kwanza: Umegusa donda. Kitambulisho cha baba yangu kinasema kazaliwa 1964. Mimi ni kifungua mimba wake, nimezaliwa 1969. Baba kanizidi miaka mitano! Mzee hana jino hata moja, anaambiwa angoje mpaka 2044.

Mjomba_wa_Koboko: Hahahaa, kwa hiyo alikuzaa akiwa chekechea.

Mtoto_wa_Kwanza: Unacheka, mzee wangu analala njaa. Kadi ya ubatizo tumepeleka. Barua ya parokia tumepeleka. Wanasema mashine imeshakubali.

Sista_Mstaafu: Msikate tamaa. Hiyo kadi ya ubatizo ni ya maana kuliko mnavyodhani, ila msiache ya asili mikononi mwa mtu yeyote. Toeni nakala. Na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, iambatane nayo.

Mtoto_wa_Kwanza: LC1 ndiko nilikokwama, sista. Mwenyekiti anataka elfu kumi ya muhuri.

Okello_Mkweli: Elfu kumi? Wa kwetu anataka ishirini na soda.

Mpakani_Busia: Wa kwetu muhuri unakaa kwa mke wake, na mke amehamia kwao Tororo tangu wagombane. Kijiji kizima hakuna barua.

Teso_Asilia: Nendeni Tororo.

Mpakani_Busia: Nauli nani analipa?