Ukoo Wetu: St. Paul na Tanga

ALHAMISI

Da Mwanaidi 18:02
Asalaam aleykum wote. Juma, USIKATE nyasi za nyuma Jumamosi. Kuna kiota cha sungura karibu na bomba. Vitoto vitano, macho hayajafunguka. Shimo dogo tu, juu kuna nyasi kavu na manyoya. Ukisukuma mashine huwezi kuliona.

Da Mwanaidi 18:03
Juma umeona?

Hamisi 18:40
Waaleykum salaam. Halali hao 😂 mchele uko kwangu

Shemeji Bakari 18:41
Binzari ninayo mimi

Zuhura 18:41
😂😂😂

Da Mwanaidi 18:44
Nasema la maana nyie mnapika. Juma?

Mama Zuhura 19:15
Mama yao mbona haonekani? Wapeni maziwa watakufa. Au mwageni naftalini wahame

Da Mwanaidi 19:19
Hapana wifi. Mchana haji, asije akaonyesha adui walipo. Anakuja magharibi na alfajiri, ananyonyesha dakika chache anaondoka. Nimelaza nyuzi juu ya kiota, zikivurugika usiku ndiyo amekuja. Maziwa ya ng'ombe yatawaharisha wafe. Na naftalini ni sumu, watoto wetu wanacheza pale! Wiki tatu hivi tangu kuzaliwa wanatoka wenyewe.

Hamisi 19:50
Na mchicha wangu je? Wakubwa tuwatege tukawaachie kule mtoni

Da Mwanaidi 19:54
Ukimtupa asikokujua hana pa kujificha, wengi hufa. Na majimbo mengi hapa Marekani hayaruhusu bila kibali. Tuzungushie matuta waya wa kuku, matundu yasizidi sentimita 2.5, kimo 60, chini tufukie 15 maana wanachimbua. Tundu la chini ya banda tuzibe vitoto vikishatoka, SI kabla. Kila nyumba dola 15.

Hamisi 20:05
Mchango wa ua tena? Muheza tuliambiwa hivihivi

Da Mwanaidi 20:06
Hamisi usianze.

Hamisi 20:06
Nauliza tu. Nguzo nani aliziona?

Shemeji Bakari 20:09
Ujumbe huu umefutwa

IJUMAA

Da Mwanaidi 05:48
Nyuzi zimevurugika! Amekuja alhamdulillahi. Juma??

Saumu Tanga 06:31
Nimemsomea Bibi yote. Anasema niandike hivihivi: "Wenye mama yao wasiguswe. Mwanaidi yuko sawa. Na wewe Hamisi, ya Muheza niulize mimi, si dada yako. Nguzo niliuza mimi, babu yenu alikuwa amelazwa."

Hamisi 09:12
Shikamoo Bibi. Nimesikia

Mama Zuhura 09:40
🙏🏾

Da Mwanaidi 12:15
Ahsante Bibi. Basi waya nani ananunua? Jumamosi au Jumapili?

Shemeji Bakari 13:02
Jumapili nina zamu

Juma 21:37
Nilikuwa kazini jamani. Sasa nije au nisije? Mashine yenyewe iko kwa Hamisi

Da Mwanaidi 21:38
Njoo ukate za mbele. Nyuma usikanyage. Na waya?

Hamisi 22:10
Kuna kipande gereji. Sijui matundu yake, nitapima