Maduka ya Nairobi, acheni kutuuzia vifaa vya bwawa mkituambia ni vya bahari

Wanajamvi, nimekasirika na sitazungukazunguka. Kila likizo ikikaribia, maduka ya vifaa vya uvuvi hapa Nairobi hujaza madirishani masanduku ya plastiki yenye vipande mia na ushei, yamebandikwa karatasi iliyoandikwa "seti kamili ya bahari". Watu wanatoa pesa, wanapanda treni hadi Mombasa, na wakifika majini ndipo wanapojua walichouziwa. Nami nimeuziwa sanduku hilo kwa shilingi 8,500, fimbo na rili (gurudumu la kuzungushia mshipi) ndani yake.

Na sikununua kimyakimya. Nilimweleza muuzaji kila kitu: naenda Kilifi, nitavua horini, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na kando ya mwamba, nikisimama ukingoni au ndani ya mtumbwi wa kukodi, sitoki nje kwenye maji makuu. Akanihakikishia nimefika penyewe. Hakuniuliza swali hata moja, si samaki gani, si maji ya kina gani.

Sasa sikieni kilichokuwa ndani. Ndoana za rangi ya shaba, nyingi zikiwa ndogo za kuvulia tilapia. Vijiko vyepesi vya kumvutia trauti kwenye mito ya Aberdare. Minyoo ya mpira ya kila rangi. Vielea vyekundu na vyeupe. Kengele ya kuning'iniza kwenye fimbo! Risasi za kubana mshipi, kubwa kabisa kati yake haifiki gramu 5. Rili yenye meno ya plastiki, imezungushiwa mshipi mwembamba uliokwishajikunja ukiwa bado dukani. Vyote hivyo vina kazi yake Naivasha au Masinga, na mwenye kwenda huko sina ugomvi naye. Lakini Kilifi si bwawa.

Anzeni na risasi zenyewe. Pwani yetu, maji yakiwa ya bamvua, yaani yakijaa na kupwa kupita siku nyingine, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji yote hayo yanapita kwenye mlango mwembamba wa hori, yanaingia na kutoka. Mkondo wake una nguvu. Risasi ya gramu 3 hapo haigusi chini. Inachukuliwa na chambo chake mpaka inaswe kwenye mizizi ya mikoko. Unahitaji chubwi, yaani risasi nzito za kuzamisha mshipi, za gramu 30, 40 na 60, wala hazihitaji kuwa nyingi. Kwenye sanduku langu hapakuwa na hata moja.

Halafu ndoana. Kolekole aliyekula chambo changu hakuwa mkubwa, lakini kolekole hata mdogo anavuta kwa hasira, na ndoana ile ikanyooka. Nikafunga nyingine. Breki ya rili ikashika, haikutoa mshipi hata nusu mita, mshipi ukakatika. Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja anavua kwa mshipi wa mkono aliouzungusha kwenye kipande cha ubao. Akaja, akachukua ndoana moja kutoka sandukuni, akaikunja kwa vidole viwili mbele yangu. "Mwanangu, aliyekupa hizi hajapata kuvua baharini," akasema. Akanikatia kipande cha mshipi wake mnene na kunipa ndoana zake mbili, na bei akakataa kutaja. Mbinu yake yote ilikuwa ndoana moja, chubwi moja na kamba mbichi, wale wa baharini, kwa chambo. Na samaki aina ya changu alikuwa nao ndani ya ndoo.

Kesho yake asubuhi nilipofungua sanduku, ndoana zilizoguswa na maji zilikuwa na kutu, na zile zilizolala karibu nazo nazo zilikwishaanza. Pete za chambo bandia zilikuwa nyekundu. Rili ilikuwa inalia.

Niliporudi dukani ndipo hasira yangu ilipofika hapa ilipo. Muuzaji akaangalia, akasema: "Boss, hii imeharibiwa na chumvi, si kosa letu." Kisha akanionyesha karatasi ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Chumvi! Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na hivyo ndivyo bahari ilivyo kila siku ya Mungu. Umeniuzia seti ya bahari, halafu unanilaumu kwa kuifikisha baharini?

Wauzaji mnaopita hapa, na najua mnapita, someni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya. Mnunuzi akikueleza kazi anayotaka kuifanyia bidhaa na akategemea ujuzi wako, na kuuza vitu hivyo ndiyo biashara yako, basi bidhaa inapaswa kuifaa kazi ile. Karatasi ya ukutani haiifuti sheria hiyo.

Kuna na hili lingine. Muuzaji huyohuyo alinishauri nikikosa samaki Kilifi nisogee Watamu, nikavue palipo na matumbawe mazuri karibu na ufuo. Hapo ni ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari! Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na ndani ya hifadhi hizo za taifa kuvua ni marufuku, sawa na hifadhi za taifa za Mombasa na Kisite. Angekuwapo mgeni asiyejua, angekamatwa kwa ushauri wa dukani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uvuvi huu wa horini na ndani ya mwamba hautaki vitu vingi. Tena ndio uvuvi unaomfaa mtu wa Nairobi mwenye wikendi tu, kwa sababu hata kusi ikivuma na bahari ya nje ikichafuka, horini bado unaweza kutupa mshipi. Vifaa vyake vinaingia kwenye kopo la plastiki la kubebea chakula cha mchana. Nimekaa na wavuvi wa huko, nimeuliza, nimejaribu, na naandika hapa ili mwingine asiibiwe.

Fimbo moja ya futi 7, ya nguvu ya kati, inayogawanyika vipande ili isikusumbue kwenye treni wala kwenye matatu. Rili ya namba 4000 iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, yenye breki inayotoa mshipi taratibu bila kukwamakwama. Hapa msibane pesa. Baneni kwingine kote. Uzi wa kusokotwa wa kustahimili ratili 20 hadi 30, yaani kilo 9 hadi 14, mita 200 zinatosha. Mbele yake unafunga lida, kile kipande cha nailoni nene, ya ratili 40, kiasi cha mita moja na nusu. Msiiruke lida, kwa kuwa uzi wa kusokotwa una nguvu ukivutwa lakini ukigusa mwamba au chaza unakatika papo hapo. Chewa akishika chambo hukimbilia shimoni mwake, na hapo ni lida inayosugua jiwe, si uzi.

Ndoana ziwe namba 1/0, 2/0 na 4/0, za chuma kinene kilichopakwa bati. Zisizoshika kutu kabisa zipo pia, lakini mimi napenda za bati: samaki akikatika nayo mdomoni, chumvi itaila pole pole mpaka imwachie.

Kwa chambo bandia, ndoana chache zenye kichwa cha risasi, za gramu 10, 14 na 20, na samaki wa mpira wa inchi 3 au 4, weupe na wa rangi ya kamba. Hizo unazivuta juu ya mchanga, pembeni mwa mikoko, kwenye mlango wa hori maji yakianza kujaa. Ongeza vipande viwili vitatu vya chuma king'aavyo vya gramu 20 hadi 40, kwa siku ya upepo au samaki wakiwa mbali, na chambo bandia kimoja cha kuelea kinachorusha maji, cha alfajiri, kolekole wanapofukuza dagaa juu. Badilisha ndoana zake za ncha tatu uweke za ncha moja. Hata kumtoa samaki unayetaka kumrudisha ni rahisi, na kidole chako kinapona. Waya mfupi uwemo kwa ajili ya mzia, maana meno yake hayaulizi lida. Swiveli (viungo vinavyozunguka ili mshipi usijisokote) kadhaa ngumu, koleo, mkasi, glavu. Viatu vya kuingia navyo majini pia, kwa ajili ya taa na chale, samaki wenye miiba ya sumu.

Chambo halisi msikibebe kutoka Nairobi. Kamba na ngisi mtawapata kwa wavuvi mwaloni asubuhi, wabichi, na pesa zibaki kwao.

Jioni osha kila kilicholowa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kikauke, na kilichotumika usikirudishe pamoja na kipya. Hayo muuzaji angeweza kuniambia kwa nusu dakika.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Ndugu uliyesema "rahisi ina gharama", shilingi 8,500 si rahisi kwa mtu wa mshahara, na sikutafuta cha bei ya chini, nilichukua nilichopendekezewa. Dada uliyeuliza kama seti hiyo inaweza kuokolewa: bakiza lile sanduku na vielea, vingine mpe jirani anayekwenda Masinga. Na wewe unayesema mimi naharibia watu biashara, jibu hili kwanza: kwa nini hakuna duka hata moja kati ya niliyozunguka lililokubali kuniuzia ndoana kumi na chubwi nne bila kunilazimisha kuchukua seti nzima?

Jina la duka sitaliweka, msinitumie ujumbe wa faragha kuliuliza. Nataka kinyume chake. Kama unajua duka hapa Nairobi linalouza ndoana za bati kwa kuhesabu, chubwi za gramu 40 na 60, na rili unayoruhusiwa kuijaribu breki yake kabla ya kulipa, andika mtaa wake hapa chini. Kaskazi ikiingia narudi Kilifi, na yule mzee ananidai ndoana mbili nzuri.