Mjadala: Zabuni za serikali Nunavut zitengewe kampuni za Wainuit, au ziachwe wazi kwa wote?

Mleta mada:
Wadau, tujadili Nunavut, kaskazini mwa Kanada, maana wengi wanadai kule kuna upendeleo tu. Mei 25, 1993 Wainuit, wenyeji wa asili wa kule, na serikali ya Kanada walitia saini mkataba wa ardhi. Wainuit waliachia madai yao ya asili juu ya eneo takriban mara mbili ya Tanzania. Wakabaki na hati ya kilomita za mraba zipatazo 350,000, fedha zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa miaka 14, na ahadi. Ibara ya 23 inasema waajiriwe serikalini kulingana na idadi yao. Ibara ya 24 inataka serikali izisaidie kampuni zao kupata kandarasi. Tangu Desemba 2019, mwongozo wa serikali kuu unataka kazi ambayo kampuni za Wainuit zilizosajiliwa zinaiweza zishindaniwe na hizo tu.

Naunga mkono kwa mikono miwili. Hiyo ni sehemu ya bei ya ardhi. Huwezi kuchukua shamba la mtu kwa malipo ya awamu, kisha awamu ya mwisho ikifika ukamwambia apange foleni na wateja wengine.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwa heshima nakupinga. Hakuna barabara inayoingia Nunavut kutoka kwingineko Kanada. Mbao na saruji huja kwa meli barafu ikiyeyuka, kwa hiyo ujenzi ni ghali tayari. Ukipunguza wazabuni bei inapanda, na anayeumia ni Mwinuit yule yule anayesubiri nyumba. Halafu kampuni inasajiliwa Wainuit wakiwa na 51% ya umiliki. Nani atamzuia tajiri wa kusini kukodi jina la mtu?

Mchangiaji wa pili:
Hapo kwenye jina la kukodi uko sahihi kabisa. Ila someni Ibara ya 24 yenyewe. Inataka tarehe, mahali na masharti ya zabuni yawekwe ili kampuni za kule ziweze kuomba. Inataka kazi igawanywe kwa ukubwa ambao kampuni ndogo inaumudu, na isidai sifa za ujuzi zilizokuzwa bila sababu. Chukulia ukarabati wa shule. Mabomba, umeme, rangi na uondoaji theluji vikiwekwa kwenye zabuni moja, atakayeiweza ni mkandarasi mkubwa wa kusini. Ukivitenganisha, fundi wa hapo hapo anaomba rangi na anaipata. Hapo nani amenyimwa haki?

Mleta mada:
Ahsante dada. Ndugu yangu wa kwanza, gharama ihesabiwe pande zote. Mwaka 2006 shirika la Wainuit, Nunavut Tunngavik, liliishtaki serikali likidai dola bilioni 1 kwa kutotekeleza mkataba. Waliyamaliza 2015 kwa dola milioni 255.5, sehemu kubwa ikiwa ya mafunzo. Mlipa kodi alilipia uzembe huo.

Na ajira? Mwaka huo huo wa 2006 Thomas Berger, jaji wa zamani aliyekuwa mpatanishi katika utekelezaji wa mkataba, aliripoti kuwa Wainuit wanashika asilimia 45 ya kazi za serikali ya Nunavut, ilhali ni kama asilimia 85 ya wananchi. Alielekeza kidole kwenye shule: mtoto anahamishwa mapema kutoka Inuktitut, lugha ya Wainuit, kwenda Kiingereza, anamaliza akiwa dhaifu kote kuwili. Kwa hiyo Ibara ya 23 inaanza na kusomesha walimu. Kubandika matangazo ya kazi hakutoshi.

Mchangiaji wa tatu:
Nipo Nakuru. Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau hapa Kenya, walishinda kesi ya ardhi dhidi ya serikali huko Arusha 2017, na 2022 Mahakama ya Afrika ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000. Utekelezaji umesuasua. Wainuit wana ibara zilizotiwa saini na pande zote mbili za kuibana serikali. Sisi tuna hukumu ambayo serikali haikuipenda. Ningetaka mkataba wa namna hiyo Mau, wenye tarehe ndani yake.

Mchangiaji wa kwanza:
Kugawanya zabuni nakubali, na mafunzo nakubali. Kuwafungia wengine nje bado sijashawishika, hasa kwa nyumba. Angalau mkaguzi aende saiti aone nani anafanya kazi na faida inaishia kwa nani, na kampuni iliyokodi jina ifutwe kwenye rejista. Mleta mada, hilo unalikubali?

Mleta mada:
Nalikubali lote, na wakaguzi wenyewe wawe Wainuit.