Naomba ushauri: tafakari 22 za Zaburi 119 ziwe kitabu

Bwana asifiwe, wapendwa. Nina muswada wa tafakari za Zaburi 119, sura 22 kufuata beti zake 22 zenye mistari minane minane. Kila sura ina maneno kama 1,000, na zote zilishawekwa mtandaoni.

Nimepanga kwa A5, herufi za pointi 11, kurasa 118. Nakala ya majaribio, iliyobandikwa gundi mgongoni, imeonyesha kosa: pambizo ya ndani ni milimita 13 tu, hivyo maneno yanazama kwenye mkunjo, na ukikipanua kitabu kwa nguvu gundi inaachia. Nimeongeza hadi 20. Kurasa zimefika 126. Sawa, maana mchapaji anakunja kwa mafungu ya kurasa 16, na nikiacha mbili tupu zinakuwa 128, yaani mafungu manane kamili.

Kinachonisumbua zaidi ni maandishi yenyewe. Aya za sentensi mbili zinasomeka vizuri kwenye simu; kwenye karatasi zinakatikakatika. Nilipoziunganisha katika sura ya tisa, marudio yakajitokeza: mateso ya mstari wa 67 na ya mstari wa 71 nimeyaeleza kwa maneno yale yale. Msomaji wa kitabu anastahili kazi bora kuliko hiyo.

Naomba mnisaidie haya mawili:

Je, niandike upya kila sura mwenyewe, au nimpe mhariri aunganishe na kukata kwanza?

Na mistari yote 176 ichapwe ndani, jambo linaloweza kudai ruhusa ya wenye haki ya tafsiri, au zinatosha namba za mistari pekee?