Z Fold4 ya mtumba kwa kazi za bandarini Tanga: inafaa au ni mapambo? Naombeni ushauri

Mzigo_Gatini

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaozijua hizi simu za kukunja, siyo wanaozipenda tu.

Kazi yangu ni ya forodha, bandari ya Tanga. Kutwa ni kufungua PDF: BL (hati ya shehena ya meli), TANSAD (fomu ya tamko la forodha), ankara, orodha za mizigo, nikioanisha na namba za makontena huku nimesimama yadi. Simu yangu ya sasa ni inchi 6.7 na kila hati lazima nivute maandishi kwa vidole viwili. Kuna Samsung Galaxy Z Fold4 iliyotumika, GB 256, haina boksi, mwenyewe anataka 1,450,000. Kioo cha ndani kina mkunjo katikati, anasema zote ziko hivyo.

Je, kwa vumbi na hewa ya chumvi ya huku kwetu itadumu? Nikague nini kabla sijatoa hela? Na hizi simu zitazoeleka, au miaka miwili mbele nitabaki na kitu hakina spea? Natanguliza shukrani.

Kipimo

Tuanze na kama itakusaidia kusoma, maana hilo linapimika.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Simu ya inchi 6.7 ikishikwa wima ina upana wa sentimita 7 hivi, kwa hiyo ukurasa mzima unasinyaa mpaka theluthi moja. Herufi ya pointi 11 unaiona kama pointi 3 na kitu, ndiyo maana unavuta. Fold4 ikifunguliwa ni inchi 7.6 na upana wake ni sentimita 12 na ushee. Herufi ileile inakuwa kama pointi 6 na nusu, sawa na maandishi madogo ya magazeti. Inasomeka bila kuvuta, kama macho yako ni mazima.

Kwa PDF faida ni kubwa kweli. Kwa video ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kioo kinakaribia mraba: video ya kawaida inaacha mistari mipana myeusi juu na chini, na picha inayobaki ni ya inchi 6.7 hivi, wakati kwenye simu yako ya sasa video hiyohiyo inakaa kwenye inchi 5.6. Inchi moja tu. Anayenunua Fold kwa ajili ya mpira na tamthilia anapoteza hela.

Jambo la pili litakalokufaa ni kugawa kioo, PDF upande mmoja na WhatsApp au jedwali upande wa pili. Hapo ndipo namba za makontena zinapooanishwa bila kurukaruka.

FundiNgamiani

Mkunjo kuonekana si ugonjwa, kaka, hapo muuzaji hajakudanganya. Fold4 inakunja kioo kwa kona kali, na ikifungwa inaacha uwazi karibu na bawaba. Kuanzia Fold5 ya 2023 Samsung walibadilisha bawaba, kioo kikawa kinajikunja kwa umbo la tone la maji, uwazi ukaondoka. Huo uwazi wa Fold4 ndio mlango wa mchanga, kwa hiyo uuweke akilini.

Kioo cha ndani kina matabaka. Juu kabisa ipo filamu ya plastiki iliyobandikwa kiwandani, chini yake kioo halisi chembamba mno (kwenye Z Flip ya kwanza kilikuwa na maikroni 30 hivi, wembamba kuliko unywele wa watu wengi), halafu ndiyo OLED yenyewe, tabaka linalotoa mwanga wa picha. Ile filamu ni ngozi ya kioo, isichanganywe na protekta ya kubandika mtaani. Ikianza kuinuka kwenye mkunjo, vumbi linaingia chini yake, na kila ukifunga simu punje inabonyeza kioo palepale kinapojikunja. Kioo kikipata ufa, hewa na unyevu vinaifikia OLED: kwanza unaona doa jeusi au la zambarau kwenye mkunjo, kisha mstari wa wima, kisha nusu ya kioo inazima.

Ukaguzi ufanye hivi, na usifanyie juani. Kaa ndani chini ya taa ya tyubu.

Zima simu, ifungue, iinamishe mpaka taa ijionyeshe kwenye kioo. Fuata mkunjo kutoka juu hadi chini. Ukiona viputo vyembamba au filamu imeachia kwenye ncha, hesabu kwamba filamu inataka kubadilishwa, na kazi hiyo ni ya kituo cha huduma chenye vifaa vya Samsung. Kama haina filamu kabisa, kioo kiko uchi. Achana nayo.

Halafu ifungue polepole karibu na sikio. Bawaba nzima haina sauti ya kusaga. Kama inasaga, kuna mchanga. Iache nyuzi 90, itulie yenyewe bila kuanguka wala kurudi. Kisha ifungue yote, weka rula mgongoni ikikwepa kamera: isipolala kabisa, aidha bawaba imepinda au imewahi kufunguliwa ikarudishwa vibaya.

Iwashe, nenda kwenye kupiga simu, andika *#0*#. Menyu ya majaribio itafunguka. Bonyeza nyekundu, kijani, bluu, ukitafuta doa na mstari. Kisha jaribu mguso: chora mistari ya kulala inayovuka mkunjo, mingi, ukikaribiana. Sasa ndiyo sehemu ambayo wengi wanaisahau: rudia mguso huohuo simu ikiwa imekunjwa nusu. Nyaya bapa za fleksi zinapita ndani ya bawaba, na fleksi inayoanza kukatika inafanya kazi vizuri simu ikiwa imelala, inapotea kwenye pembe fulani tu. Menyu isipofunguka (baadhi ya simu za mitandao ya Marekani imefungwa), tumia uchunguzi wa programu ya Samsung Members.

Mwisho angalia kifuniko cha mgongo pande zote mbili. Simu hii ina betri mbili, moja kila nusu, jumla mAh 4400. Kifuniko kikiwa kimeinuka hata kwa unene wa kucha, betri imevimba, na betri iliyovimba inasukuma kioo kwa ndani.

Kuhusu bei, lenye uzito ni kioo cha ndani. Hakibadilishwi kioo peke yake kama simu za kawaida, kinakuja na fremu yake. Kikifa, gharama mara nyingi inapita nusu ya hiyo 1,450,000, na ukitaka halisi unaagiza kutoka Dar. Kwa hiyo bei halali ya simu hii ni ile ambayo ukiongeza kioo bado roho haikuumi. Mimi nisingepita 1,100,000 kwa simu isiyo na boksi wala risiti.

bintiSahare

Nyongeza kuhusu maji, maana watu wanaona "8" wanakwenda nayo kuogelea Raskazone.

Fold4 ni IPX8, hicho ni kiwango cha kinga ya vumbi na maji. Ile 8 ni maji, tena maji baridi yasiyo na chumvi. X maana yake upande wa vumbi hauna kiwango kilichotajwa. Fold6 na Fold7 zina IP48, na hiyo 4 inazuia vitu vya milimita 1 kwenda juu. Mchanga wa ufukweni mwingi una punje ndogo kuliko hapo, na vumbi la saruji ndiyo kabisa. Simu ya kukunja ya kwanza kupewa IP68 ni Pixel 10 Pro Fold ya 2025, na hiyo si bei ya mazungumzo haya.

Tena kiwango hicho ni cha simu mpya. Gundi inazeeka, na simu ikishafunguliwa na fundi asiyerudisha gundi ipasavyo, ihesabu kuwa haina kinga yoyote. Ikilowa maji ya bahari, zima, suuza kwa maji ya bomba kidogo bila kuikunja-kunja, futa, iache ikauke imefunguliwa mahali penye upepo. Usichomeke chaji mpaka tundu likauke kabisa. Chumvi pamoja na umeme hula pini za tundu la chaji haraka sana.

Mkonge_Dijitali

Dada kamaliza ya maji, mimi nimalizie ya mafundi. Nawaombeni, msitie mafuta kwenye bawaba. Si ya cherehani, si ya kupuliza ya kopo. Ndani mna brashi laini za kuzuia vumbi, mafuta yanazigandisha zinakuwa mtego wa vumbi, na yanalegeza gundi. Pia usiipulize kwa kompresa ya gereji, inasukuma punje ndani zaidi. Pampu ndogo ya mpira ya kusafishia kamera inatosha, kisha kitambaa kikavu cha miwani. Spiriti hapana.

Protekta ya kioo kigumu ndani hapana, haikunjiki. Kadi ya benki au risiti katikati ya simu kisha unafunga, hapana. Kishikio cha simu cha bodaboda pia hapana, kinaibana mbavuni kuzunguka bawaba na barabara ya Pangani inamalizia.

MtuWaPongwe

Mnampamba mwenzenu kwa ugonjwa. Simu ya kusomea PDF yadini, vumbi kila upande, mikono ina grisi, halafu kioo kinachochorwa na ukucha? Nunua tableti ndogo. Galaxy Tab A9 ya laini ni inchi 8.7, ukiishika wima upana wake ni sentimita 11 na kitu, unakaribia huo wa Fold4. Betri mAh 5100, kioo kigumu, unabandika protekta ya kawaida, na mpya kabisa haifiki nusu ya hizo hela. Ikianguka kwenye zege unasikitika kidogo unaendelea na kazi.

Na kuhusu kuzoeleka: Galaxy Fold ya kwanza mwaka 2019, simu za wakaguzi ziliharibika Aprili, wengine walibandua filamu wakidhani ni protekta, uzinduzi ukasogezwa hadi Septemba. Leo bado si kitu cha watu wote. Dunia inauza simu janja zaidi ya bilioni 1 kwa mwaka, na za kukunja hazifiki 2 katika kila 100. Waja leo waondoka leo isemwe kwa Tanga, kwa simu ya milioni haipendezi.

Kipimo

@MtuWaPongwe hoja ya tableti naikubali kwa asilimia mia, ila hapo kwenye kuzoeleka umechanganya aina mbili.

Zinazofunguka kama kitabu zimekuwa bora sana bila kushuka bei. Fold ya 2019 ilianza dola 1,980, Fold7 ya 2025 dola 1,999. Ubora umepanda kweli: Fold4 ina gramu 263, Fold7 ina 215, nyepesi kuliko S25 Ultra isiyokunjwa yenye 218, na imekunjwa ina unene wa milimita 8.9. Lakini vioo viwili, betri mbili na bawaba yenye vipande vingi vidogo haviwezi kuwa bei ya simu ya kawaida. Hizi zitabaki za wachache.

Zinazokunjwa kama kibweta cha wanja ni habari nyingine. Z Flip ya 2020 ilianza dola 1,380, Flip7 FE ya 2025 ni dola 899. Razr ya Motorola ilianza dola 1,499, toleo la msingi la 2024 likawa dola 699. Tecno na Infinix nao wameingia humo. Hizo ndizo utakazoanza kuziona mikononi mwa watu kwenye daladala. Ila kwa Mzigo_Gatini hazina msaada, maana ikifunguka ni simu ya kawaida ya inchi 6.7.

Kudumu kwa bawaba kusikutishe sana. Samsung waliipima kizazi hicho kwa mikunjo 200,000, na ukifungua mara 100 kwa siku hiyo ni miaka mitano na nusu. Kinachoua ni punje, mgandamizo na filamu. Na masasisho ya usalama ya Fold4, iliyotoka Agosti 2022, waliahidi ya miaka mitano, yaani hadi 2027. Liingize hilo kwenye kupatana bei.

Mzigo_Gatini

Nawashukuru sana wote. Tableti sikuwa nimeifikiria, tatizo ni mkono mmoja una faili na mwingine unafungua lakiri. Fold naitia mfukoni. Nimeangalia kwenye mipangilio, imeandikwa SM-F936N na ina tundu moja tu la laini. Natumia laini mbili. Vipi hapo?

FundiNgamiani

N ni ya Korea. Hiyo ina tundu moja la laini, ya pili ni eSIM, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. F936U ya Marekani ndivyo ilivyo pia, na hiyo inaweza kuwa imefungwa kwa mtandao wa kule. Ya soko la kimataifa, F936B, ndiyo yenye matundu mawili.

Kwa hiyo kabla ya kurudi kwa muuzaji, nenda duka la mtandao wako uulize kama namba yako inahamishika kwenda eSIM na kwa masharti gani. Ile yenye miamala mingi ya pesa iache kwenye laini ya kawaida, ukibadilisha simu ghafla haikusumbui.

Siku ya kukagua nenda na laini zako zote. Piga *#06#, tuma namba ya IMEI (ya utambulisho wa simu) kwenda 15090 uone jina linalorudi kama ni la simu hiyohiyo. Mwambie muuzaji atoe akaunti yake ya Google na ya Samsung mbele yako, kisha aifute simu yote, na wewe uiwashe upya mpaka mwisho ukiwa hapohapo. Ikidai akaunti ya zamani, irudishe mkononi mwake.

Mzigo_Gatini

Nimempigia. Akaunti anasema aliyemuuzia ndiye anayejua nenosiri.

MtuWaPongwe

Tab A9, shekhe. Faili litie kwapani.